Walima Imesafiri, Jirani Amebaki



Himdi zote ni za Allaah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, miaka ya karibuni hapa Bujumbura kumezuka mtindo wa kuichukua harusi na kwenda kuifanyia mbali. Mtoto kazaliwa Buyenzi, kasoma madrasa Buyenzi, kaposwa Buyenzi, lakini siku ya ndoa watu wanaambiwa wamfuate Unguja, kwenye hoteli ya ufukweni. Wenye uwezo hupanda ndege. Wengine hupanda basi: Kobero, Kahama, Dodoma mpaka Dar es Salaam, halafu boti. Yote hayo ili bibi harusi apigwe picha kwenye mchanga. Na Ziwa Tanganyika liko hapa hapa, kwa miguu unafika!

Wazazi wanatuuliza kama jambo hili ni haramu. Jibu letu ni hapana. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimuoa Bibi Safiyya (R.A.) akiwa safarini, katika kurudi kutoka Khaybar mwaka wa 7 Hijria. Anas (R.A.) amesimulia, na Imam Bukhari amepokea, kwamba katika walima ile hapakuwa na mkate wala nyama. Vilitandikwa vitanga vya ngozi, zikawekwa tende, maziwa makavu na samli, wakaitwa Waislamu waliokuwepo wakala. Basi ndoa ya njiani ina asili yake. Lakini angalieni vizuri: walima ile ilifanywa pale pale walipokuwa watu. Hizi za kwetu zinapelekwa mahali ambapo watu wetu hawapo na hawawezi kufika.

Tunaijua familia moja, hatutaitaja, nao wenyewe wameturuhusu kuyaandika haya ili wengine wazingatie. Bwana harusi ni mfanyabiashara wa hapa hapa mjini, kijana mzuri, wala si mtu wa anasa. Ila bibi harusi na rafiki zake walikuwa wameona picha za harusi ya watu wengine, na kamati ikaundwa. Faranga yetu haivuki mpaka, kwa hiyo zikatafutwa dola, na kila mtu anajua bei ya dola barabarani ilivyo mbali na ile ya benki. Ikakopwa. Mwisho wa hesabu wakasafiri watu 23, kutoka katika ukoo ambao ukifanya hitma ya kawaida hujaza watu mpaka barabarani.

Baba mzazi hakuwa miongoni mwa hao 23. Pasipoti yake haikutoka kwa wakati. Alimpa uwakala mdogo wake amuozeshe binti, na hilo kisharia ni sahihi kabisa, ndoa haina dosari. Lakini mzee yule alikaa barazani kwake, simu sikioni, akaisikiliza khutba mpaka ikakatika katikati. Alikuja kupigiwa baadaye kuambiwa kwamba binti yake ameshakuwa mke wa mtu.

Na nyanya aliyemlea bibi harusi, miguu imemvimba, yeye aliambiwa ataonyeshwa video. Alionyeshwa, akasema mashallah. Mwaka ule haukwisha akafariki, Allaah amrehemu.

Sasa sikilizeni lililowauma zaidi. Katika mtaa ule wapo akina mama ambao hakuna harusi wala msiba unaopita bila wao. Ndio wanaomenya vitunguu, ndio wanaokesha na masufuria ya pilau. Wamo wajane, wamo ambao kipande cha nyama hukipata siku ya walima ya jirani. Katika harusi ile hawakumenya kitu na hawakula kitu. Wala hawakusema neno. Nyanya alipofariki, akina mama wale wale walikuwa wa kwanza kuingia uani, wakapika siku tatu. Mama wa bibi harusi anatuambia kwamba alishindwa kuwatazama usoni.

Abu Hurayra (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni chakula cha walima ambayo huitwa matajiri wakaachwa mafakiri. Mtu atasema: sisi hatukumzuia fakiri yeyote. Kweli hamkumzuia mlangoni, lakini nauli imemzuia. Kadi ya mwaliko anayopewa mtu asiyeweza kulipa hata basi la Kobero si mwaliko, ni taarifa tu.

Haya mengine tunayapitia kwa ufupi, maana mnayajua. Mpiga picha anataka jua likiwa linazama, na jua likizama ni Magharibi, basi Swala inasubiri picha. Khutba ya ndoa inasomwa, huku wageni wa hoteli wanapita nusu uchi na meza ya pili ina chupa za pombe. Hoteli si ya kwenu, utamkataza nani?

Tusiwadhulumu wengine lakini. Sisi Warundi tuna historia yetu. Wapo waliokimbia mwaka 1972, wapo wa 1993, wapo wa 2015, na ukoo mmoja unaweza kuwa umetawanyika Kigoma, Dar es Salaam, Kigali mpaka Kanada. Familia ambayo baba au kaka hawezi kukanyaga hapa, ikaamua kukutana Kigoma ili mzazi ashuhudie ndoa ya mwanawe, hiyo imesafiri kuwafuata watu wake, na kila la kheri tunawaombea. Wala harusi ndogo haina aibu. Abdurrahman bin Awf (R.A.) alioa Madina ile ile aliyokuwemo Mtume (S.A.W.), na Mtume alikuja kujua baadaye kwa kuona athari ya manukato kwake. Hakulaumu kwa nini hakualikwa. Alimwombea baraka na kumwambia afanye walima, ijapokuwa ya mbuzi mmoja.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wanaopanga sasa ni mwepesi. Akdi ifungwe msikitini kwenu baada ya Swala, baba amuozeshe binti yake kwa mdomo wake. Walima ipikwe uani, hata mbuzi mmoja na wali. Baada ya hapo, maharusi wakitaka kwenda Unguja wawili peke yao, waende na waogelee, nani atawazuia? Nauli za watu wawili si sawa na za watu 23.

Limebaki moja ambalo tunaliona ni zito kuliko mkopo. Usiku wa kuamkia ndoa, hoteli ilidai salio, na kamati haikuwa nalo. Shangazi wakamwendea bibi harusi wakamwomba mahari yake, naye akatoa. Walima ni juu ya mume, na mahari ni haki ya mke. Hapa mke ndiye aliyelipia karamu ya mume. Suratun Nisaa aya ya 4 imeruhusu kula kile alichokiacha mwanamke kwa ridhaa ya nafsi yake. Lakini msichana aliyezungukwa na shangazi watano, hina haijakauka mikononi, ana ridhaa gani? Tulimuuliza mwenyewe. Alinyamaza sana, kisha akasema alikuwa anaogopa kuharibu harusi. Mumewe alikuwepo akilisikia hilo kwa mara ya kwanza. Ameshaanza kumrejeshea, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na deni lenyewe wameliandika mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao ni yule baba aliyekatikiwa na simu.

Wallaahu a'lam.