Bolivia: Nchi iliyolala juu ya hazina lakini ikaamka na njaa

MNAMO Agosti 6, 2025, taifa la Bolivia liliadhimisha miaka 200 tangu lijinyakulie uhuru kutoka kwa Uhispania. Hata hivyo, sherehe hizo ziliwapata raia wengi wakiwa kwenye foleni ndefu za kununua mafuta, huku dola zikiadimika na bei za vyakula zikipanda.

Hali hiyo ni kinaya kikubwa, kwani chini ya ardhi ya nchi hii ya Amerika Kusini mna fedha, bati, gesi na lithiamu. Swali ambalo vizazi vyake vimejiuliza ni moja: mbona utajiri huu huwanufaisha wageni kuliko wenyeji?

Bolivia ina ukubwa wa karibu kilomita mraba milioni 1.1, takriban mara mbili ya Kenya, ilhali wakazi wake ni milioni 11 hivi. Upande wa magharibi kuna milima ya Andes na nyanda za juu zenye baridi kali. Mashariki kuna tambarare za joto na misitu ya Amazon. Mji mkuu kikatiba ni Sucre, lakini serikali na bunge vina makao yao La Paz, ulio zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari.

Chanzo cha masaibu yake ni mlima mmoja. Mnamo 1545 madini ya fedha yaligunduliwa huko Potosí, na mji huo ukawa miongoni mwa miji mikubwa zaidi duniani enzi hizo. Wenyeji walilazimishwa kufanya kazi migodini kwa zamu, na maelfu kwa maelfu wakaangamia. Watumwa kutoka Afrika pia walipelekwa huko. Vizazi vyao vingali vinaishi katika mabonde ya Yungas, na katiba ya 2009 inawatambua rasmi. Ngoma yao ya saya ingali inachezwa hadi leo.

Uhuru haukuleta afueni. Katika vita vilivyoanza 1879, Chile iliiteka pwani yote ya Bolivia, eneo lenye utajiri wa chumvichumvi ya kutengenezea mbolea na, baadaye, shaba. Mwenye kovu usidhani amepoa: Bolivia bado ina jeshi la wanamaji, ambalo hufanya doria katika Ziwa Titicaca na mitoni, na kila Machi 23 huadhimisha Siku ya Bahari. Mnamo 2018 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Chile hailazimiki kisheria kujadiliana nayo kuhusu njia ya kufika baharini.

Mapinduzi ya 1952 yaliwapa wenyeji wote haki ya kupiga kura, na migodi mikubwa ya bati ikatwaliwa na serikali. Lakini ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya Evo Morales, Mwaymara aliyekuwa kinara wa wakulima wa koka, kuingia ikulu mnamo 2006. Aliongeza mapato ya serikali kutokana na gesi, umaskini ukapungua, na katiba mpya ikazipa lugha 36 za wenyeji hadhi sawa na Kihispania.

Kosa lilikuwa kudhani gesi haitaisha. Visima vipya havikupatikana vya kutosha, uzalishaji ukashuka, lakini serikali ikaendelea kugharimia ruzuku ya mafuta yanayotoka nje. Mali bila daftari hupotea bila habari. Morales mwenyewe alijiuzulu 2019 baada ya mzozo wa uchaguzi, na chama chake cha MAS, kilichorejea mamlakani 2020, kikagawanyika. Mnamo Oktoba 2025 wapiga kura walimchagua Rodrigo Paz, wakihitimisha takriban miaka 20 ya utawala uliotawaliwa na chama hicho.

Sasa macho yote yameelekezwa Uyuni, jangwa la chumvi lenye zaidi ya kilomita mraba 10,000. Chini yake mna mojawapo ya akiba kubwa zaidi duniani za lithiamu, madini yanayotumika kutengenezea betri za magari ya umeme. Mikataba iliyotiwa saini 2024 na kampuni za Urusi na China ilizua upinzani mkali, huku wakulima wa kwinoa na wafugaji wa lama wakihofia kwamba uchimbaji utamaliza maji yao.

Hofu hiyo ina msingi. Wakazi wa Potosí hawahitaji kusimuliwa jinsi mlima unavyoweza kulisha mataifa ya ng'ambo na kuwaachia wenyewe mashimo na makaburi. Ugumu anaokabili rais mpya ni kwamba nchi isiyo na dola haina ubavu wa kukataa mwekezaji, na isiyo na subira hutia saini kwa pupa. Iwapo Bolivia haitajua mapema ni nani atakayelipwa nini, na maji yatatoka wapi, basi lithiamu itafuata njia ile ile iliyofuatwa na fedha, bati na gesi.