Upepo wa Kurudi

Wanasema ukitaka kumjua mtu, safiri naye. Mimi naongeza: safiri naye kwa baiskeli, tena ufukweni, tena msimu wa kusi. Kwenye gari mmoja analala, mwingine anachezea simu, mnafika mkidhani mmeelewana kumbe hamkuongea tu.

Julai iliyopita mimi na mume wangu tulikodi baiskeli mbili pale Jambiani, Unguja, tukaelekea kaskazini: Paje, Bwejuu, Dongwe hadi Pingwe. Ni zaidi ya kilometa 20. Ofisini nilikuwa nimepewa uhamisho wa Mwanza, jibu linatakiwa Jumatatu, na nyumbani kila tukianza kulijadili, mmoja wetu anakumbuka ana kazi jikoni.

Huku siku inapangwa na bahari, sio saa yako ya mkononi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Mchanga unabaki mgumu, tairi halizami. Ila muda huo husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo usiende na ratiba ya shoga yako wa wiki jana. Uliza wavuvi.

Akina mama walikuwa kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara pwani hii mwaka 1989. Mume wangu alikuwa mbali mbele, upepo ukimsukuma mgongoni kama kalipiwa. Mama mmoja akanitania, "Mwanangu, mbona mumeo kakuacha?" Nikacheka, lakini lile swali nililibeba mpaka Pingwe. Tukapita sehemu za mawe tukisukuma, tukala samaki huku tukitazama ule mkahawa wa The Rock uliojengwa juu ya jiwe baharini. Maji yakipwa unafika kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa boti. Mwanza haikutajwa.

Kurudi ndiyo safari yenyewe, wapenzi. Bahari imejaa, ufukwe hakuna, mkashike lami, na kusi yote inawapiga usoni. Bingwa wangu wa asubuhi pumzi zilikata kabla ya Dongwe. Dawa yake ni moja: wa mbele akate upepo, wa nyuma ajifiche karibu na tairi lake apumzike, kisha mbadilishane. Tukakubaliana nguzo 20 za umeme kila mtu. Na huwezi kumfuata mtu kwa karibu hivyo ukamnunia; lazima useme "shimo!", lazima useme "punguza!"

Nikiwa mbele, nikasikia nyuma yangu, "Ukienda Mwanza, mimi nabaki Dar mpaka lini?"

"Miezi sita, halafu unakuja."

"Na nikikosa kazi huko?"

"Tunarudi wote."

Akanyamaza nguzo tatu nzima. Kisha akasema, "Haya, zamu yangu," akapita mbele.

Jumatatu nilijibu kwamba naenda.

Nanyi mkienda, bebeni maji ya kunywa ya kutosha, nguo za heshima za kupita vijijini, na pampu. Kabla ya kurudisha baiskeli zimwagieni maji yasiyo na chumvi, maana bahari inakula cheni. Na mto mdogo wa kukalia msiuonee haya, kesho yake asubuhi mtanikumbuka.