Ushauri wa Mazoezi Uanze na Swali la Kazi

Mgonjwa wa shinikizo la damu huondoka kliniki na dawa mkononi na agizo moja sikioni: “Fanya mazoezi.” Agizo hilo ni jema, ila hapa Bulyanhulu hupewa watu wasiofanana hata kidogo. Mmoja ameshinda akivuta mawe kwa kamba kutoka ndani ya duara. Mwingine ameketi dukani Kakola tangu asubuhi. Kuwaambia wote neno lile lile ni sawa na kumpa mtoto na mtu mzima dozi moja.

Mchimbaji mdogo akiambiwa akimbie nusu saa jioni, atacheka, nami sioni kwamba amekosea. Hata hivyo, asidhani kuwa jasho la duarani limekwisha kumkinga. Watafiti, hasa wa Denmark, wameeleza kwamba kazi nzito ya kutwa hailindi moyo kama yafanyavyo matembezi ya hiari, kwa kuwa huendelea kwa saa nyingi bila mapumziko ya kutosha. Tena anyanyuapo gunia huku amebana pumzi, shinikizo hupanda ghafla. Kwake yeye, agizo lenye maana ni kutoa pumzi anaponyanyua, kukunja magoti badala ya mgongo, kunyoosha kiuno mara kwa mara, na kulala. Ndiyo, kulala, aliyetoka zamu ya usiku asihimizwe kukatisha usingizi ili akimbie.

Mwenye duka na dereva wa bodaboda ndio waliopungukiwa na mwendo. Usukumani baiskeli ilibeba mtu, maji na gunia la mpunga. Pikipiki imepokea kazi hiyo, na miguu imestaafu. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mwongozo wake wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike walau dakika 10. Basi dakika 6 za kwenda sokoni kwa miguu zinahesabika. Bugobogobo, ngoma ya majembe, nayo inahesabika. Bibi anayeona haya kukimbia barabarani hataona haya kuicheza.

Wanaohitaji uangalifu zaidi ni wale ambao mapafu yao yameumizwa na vumbi la mawe au kifua kikuu. Wengi huacha kutembea kwa kuogopa kuhema, na kadiri wanavyokaa ndivyo misuli inavyolegea na kuhema kunavyozidi. Kipimo chao kiwe maneno: mtu atembee kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, apumzike, kisha aendelee. Jua likiwa kali, ainuke na kuketi kitini mara chache ndani ya nyumba. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au akikohoa damu, aache na kufika kituoni mara moja.

Muuguzi hahitaji fomu mpya kwa haya. Mstari wa “kazi” upo tayari kwenye kadi. Tatizo ni kwamba huandikwa “mchimbaji” au “mkulima”, kisha ukurasa hufunuliwa.