Kuwadi wa mjini hashiki fimbo, anashika simu

Video ya faragha ya mrembo wa mjini ikivuja, mambo huwa ni yaleyale. Jina lake linatrendi mpaka usiku wa manane, magrupu yanachemka, kila mtu anauliza "nani ana koneksheni?" Kwenye komenti ni "amejitakia", "tamaa imemponza", "na bado". Baada ya siku tatu mji unahamia kwa mwingine.

Kuna mtu mmoja hatajwi kabisa: aliyempangia safari, aliyepanga bei na ambaye picha zile alikuwa nazo tangu mwanzo. Jina lake kapuni, siku zote.

Huyo ndiye kuwadi, na amebadilika sana. Zamani ukitaka kumpata ulielekezwa baa fulani au gesti fulani. Siku hizi hana kijiwe. Ana simu mbili tatu, pawabenki na bando la mwezi. Wala hajiiti kuwadi. Ni "meneja", ni "mtu wa kuunganisha", na wengi wao ni wanawake wanaoitwa Anti au Dada kwa heshima zote. Hana haja ya kumpiga mtu kofi. Anachofanya ni kuhakikisha mazungumzo yote yanapita kwake.

HAKUNA KUPEANA NAMBA

Sheria ya kwanza ya hiyo biashara ni kwamba binti na mteja hawapeani namba. Bosi anaweza kutajiwa laki tano, binti akaambiwa ni laki na nusu, na hakuna atakayejua. Bosi akiongeza hela ya asante, inaishia njiani. Binti akigoma, anaambiwa "bosi amekasirika, amesema hataki kukuona tena", wakati bosi wa watu hana hata habari. Wawili wamekaa meza moja, lakini kila mmoja anamjua mwenzake kwa mdomo wa mtu wa tatu.

Mabinti wenyewe nao wanatenganishwa. Ujumbe unatumwa kwa brodkasti: "Mambo mrembo, kuna mtu siriasi yuko Masaki, saa tatu usiku, uko fasta?" Unawafikia watu ishirini kwa mpigo, ila kila mmoja anaupokea kana kwamba ameandikiwa yeye tu. Kila mmoja anajiona ndiye kipenzi cha Anti. Anajibu haraka, anakubali bei ndogo, anaogopa kusema hapana. Wangekuwa wanaongea wao kwa wao, ndani ya wiki moja wangejua nani analipwa ngapi na nani ameumizwa wapi. Ndiyo maana wanalishwa umbea: huyu anakusema, yule anakuonea wivu, usimwamini mtu zaidi ya Anti wako.

Halafu kuna lugha. Hii biashara haitajwi jina. Ni "ishu", ni "dili", ni "kumpa bosi kampani", ni "katrip ka Zanzibar, kila kitu kimelipiwa". Maneno hayo yanamlinda kuwadi, kwa sababu hata simu ikikamatwa, kilichoandikwa humo ni kampani na safari tu. Yanamfunga binti pia. Amekubali kampani, akifika anakuta ni kitu kingine, na akilalamika anarushiwa skrini shoti: "Si ulisema sawa? Sawa yako hii hapa." Vitisho vinakuja kwa kupigiwa au kwa ujumbe unaojifuta. Majibu ya binti ndiyo yanayobaki kwenye maandishi.

PICHA NI REHANI

"Nitumie picha kali nikuuze kwa mabosi." Inaanza hivyo, kama kazi ya kawaida ya matangazo. Kesho anaomba kali zaidi. Keshokutwa anaomba kitambulisho "cha kukatia tiketi", na namba ya mama "ikitokea dharura". Hapo tayari rehani imekamilika, na tangu siku hiyo hana haja ya kupiga kelele. Binti akisema anataka kuacha, anapata meseji fupi tu: "Hivi mama bado yuko Morogoro?" Inatosha kumtoa mtu kitandani usiku na kumpeleka hotelini.

Na hili si la Bongo peke yake. Korea Kusini kijana mmoja alifanya hivyo kupitia Telegram. Alinasa wasichana kwa ahadi ya kazi zenye malipo mazuri, akachukua picha na taarifa zao, kisha akawalazimisha kutuma mambo mabaya zaidi huku watazamaji wakimlipa kwa sarafu za mtandaoni. Waathirika waliojulikana walikuwa angalau 74, na 16 kati yao walikuwa chini ya umri. Novemba 2020 mahakama ya Seoul ikamtupa jela miaka 40. Mwaka huohuo bunge la nchi hiyo likapitisha sheria inayomgusa hata anayehifadhi au kutazama video za aina hiyo. Wenzetu wale walielewa kwamba bila watazamaji, yule kijana asingekuwa na biashara.

"SI WATU WAZIMA HAO?"

Wapo watakaosema mabinti hawa ni watu wazima, wanajua wanachofanya, na kuwadi anawasaidia kuwachuja wateja hatari. Kuna ukweli kidogo hapo. Wapo walioingia kwa hiari, na wapo wanaojisikia salama zaidi wakiwa na mtu anayejua wameenda wapi. Lakini mlinzi wa kweli unaweza kumwachisha kazi. Huyu ukimwacha, picha zako zinafika kwa wajomba. Huo ulinzi gani?

Sheria zipo. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008 inamgusa anayechukua watu kwa ajili ya ukahaba, hata akijificha nyuma ya ajira ya ndani au ya nje ya nchi. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 inakataza kusambaza ponografia, na hapo hata wa kufowadi hayuko salama. Tatizo ni nani anakamatwa. Misako ya dada poa ikipita, wanaopandishwa kwenye karandinga ni waliosimama barabarani. Kuwadi hakuwa barabarani. Yuko kwake, simu ipo kwenye chaji. Binti aliyetishiwa naye anaogopa kwenda kituoni, maana swali la kwanza litakuwa yeye alikuwa anafanya nini huko.

Mara nyingine hata ushahidi unamwelekea yeye. Akiombwa asajili laini kwa alama za vidole vyake "kwa ajili ya kazi", kila pesa na kila meseji ya laini hiyo inasoma jina lake. Kupiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kunachukua dakika moja tu.

Kinachomkosesha kuwadi usingizi ni watu wake kuanza kuongea bila yeye. Wawili wakilinganisha malipo, bei yake ya uongo imekufa. Binti akimwambia dada yake au mama yake mwenyewe, kabla ya kuambiwa na mtu mwingine, rehani inapungua thamani. Inauma, ila maumivu yake yana mwisho. Kutishiwa hakuna mwisho.

Nusu nyingine ya thamani ya zile picha iko mikononi mwa mji. Kuwadi anatisha kwa sababu anajua zikitoka tu, watu elfu watazigombania na watamcheka mwenye mwili badala ya kumtafuta mwenye simu. Kila anayeomba koneksheni anamfanyia Anti kazi, tena bure. Siku nyingine ikivuja, swali la kuuliza kwenye komenti ni moja: alikuwa nazo nani?

Wadau mnasemaje? Dondosheni maoni hapo chini, ila majina ya mabinti yaacheni.