Tarehe ya kupuliza iwe sehemu ya mapatano ya bei

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara unayekuja kununua shambani, leo tuongee kuhusu nyanya zinazoingia sokoni zikiwa bado na dawa ya jana. Najua si mara ya kwanza kusikia wataalamu wakisema "zingatieni siku za kusubiri". Tunalisema kwenye kila mkutano wa kijiji, watu wanaitikia vizuri na kupiga makofi, halafu Jumanne jioni bomba liko mgongoni na Jumatano alfajiri tenga liko njiani kwenda Tengeru.

Maoni yangu ni haya: jambo hili halitaisha kwa kumfundisha mkulima peke yake, kwa sababu mkulima mara nyingi anajua. Litapungua siku mnunuzi atakapouliza "umepuliza lini, na dawa gani?" kabla hajauliza bei.

Kwamba mkulima anajua, ushahidi uko nyuma ya nyumba. Pita kwenye kaya zinazolima nyanya za biashara huku kwetu. Utakuta kituta kidogo karibu na jiko, kina mashina kumi au kumi na tano ya nyanya, mnavu kidogo na mchicha. Hicho hakipigwi dawa. Ukimuuliza mama mwenye nyumba kwa nini, atacheka na kusema hizo ni za watoto. Simlaumu kwa kulinda watoto wake. Ila na zile za kwenye tenga zinaliwa na watoto, wa Arusha mjini, wa Moshi, wa Dar es Salaam.

Sasa kwa nini mtu anayejua bado anachuma mapema? Kaa naye ufanye hesabu, utaelewa. Kila dawa iliyosajiliwa ina lebo inayotaja siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Zipo za siku 3, zipo za 7, zipo za 14. Soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Anayechuma kwa ajili ya masoko yote mawili ana nafasi ya siku 3 au 4 tu katikati. Akipuliza dawa ya siku 7 Jumamosi, soko la Jumatano limempita. Akipuliza ya siku 14, yamempita masoko matatu, na nyanya zinaiva, zinadondoka, zinaoza. Nani atakubali hasara hiyo kwa sababu ya sentensi moja kwenye lebo? Tangu kantangaze aingie nchini mwaka 2014 mambo yamezidi kuwa magumu, maana ukikaa bila kupuliza anatoboa tunda na hakuna anayelinunua.

Kwa hiyo dawa yenye siku nyingi haifai kabisa wakati wa kuchuma. Huwezi kuipuliza halafu ukaomba huruma ya mvua. Nafasi yake ni mapema, wakati mmea unakua na unatoa maua, kabla matunda hayajaanza kubadilika rangi. Kuanzia chumo la kwanza bakia na zile za siku chache tu. Kwa viwavi, akiwemo kantangaze akiwa bado mdogo, zipo dawa za bakteria zinazoitwa Bt, ambazo kusubiri kwake ni siku moja au hakuna kabisa kulingana na lebo. Zipo pia za mwarobaini. Zinataka kuwahi, kabla kiwavi hajazama ndani ya tunda, na zinataka kurudiwa. Mitego ya harufu inayovuta nondo dume itakuonyesha ni lini ameanza kuruka shambani. Matunda yaliyotobolewa uyachume na kuyafukia chini sana. Usiyatupe pembeni ya shamba, hapo utakuwa unamfuga.

Kwenye mboga za majani hesabu ni kali zaidi. Mchicha unavunwa wiki 3 hadi 4 tangu kupandwa. Dawa ya siku 14 inakula nusu au zaidi ya maisha yake yote. Sukuma wiki na chainizi unachuma kila wiki, na jani ndilo lile lile lililopokea dawa, wala halina ganda la kumenya. Binafsi naona kwenye mchicha dawa za viwandani zenye siku nyingi zisiguswe kabisa. Badili eneo, panda upya, utakuwa umepoteza mbegu kidogo tu.

Kuna mitego kwenye lebo ambayo imewanasa watu wengi, hata wenye maduka. Ule mkanda wa rangi chini ya kopo, mwekundu, njano, bluu au kijani, unaeleza ukali wa sumu kwa anayeishika. Hauelezi siku za kusubiri. Nimesikia mtu anasema hii ni ya kijani, leo napuliza kesho nachuma. Hapana. Tafuta maandishi ya siku.

Halafu siku hizo zimepangwa kwa kipimo kilichoandikwa. Ukiweka vifuniko viwili palipotakiwa kimoja, siku 7 za kwenye lebo hazikuhusu tena, kwa sababu dawa iliyo juu ya tunda ni mara mbili. Tena vifuniko vyenyewe havilingani, cha kopo hili si sawa na cha kopo lile. Nunua kikombe cha kupimia chenye alama za mililita. Na ukichanganya dawa mbili au tatu kwenye bomba moja, unahesabu siku za ile yenye siku nyingi zaidi, hata kama uliitia kidogo.

Wenye maduka ya pembejeo, hapa mnanisikitisha. Dawa inayopimwa kutoka kopo kubwa kwenda kwenye chupa ya maji ya kunywa haina lebo, haina namba ya usajili, haina siku. Mteja anaondoka na maneno ya mdomo tu. Ninajua ana shilingi elfu tatu na kopo zima ni elfu kumi na tano. Basi agiza vifungashio vidogo vya kiwandani, vipo. Usajili wa dawa hizi uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, pale Ngaramtoni, na chupa ya maji haimo kwenye orodha yao.

"Lakini mteja ataosha." Jibu hili nalisikia kila wiki. Kuosha kunasaidia, na nyumbani osheni kwa maji yanayotiririka, menyeni inapowezekana, majani ya nje ya kabichi tupeni. Ila tuangalie dawa ya ukungu inayotumika sana hapa, ile yenye mchanganyiko wa metalaksili na mankozebu. Mankozebu inakaa juu ya tunda, ndiyo ule unga unaouona. Metalaksili inaingia ndani ya mmea. Kwa hiyo ukiosha umetoa sehemu ya ile ya juu, ya ndani imebaki. Tena mankozebu ikipikwa, joto huigeuza kuwa kemikali nyingine, ethilenithiourea, ambayo kwa wanyama wa maabara imeonekana kudhuru tezi ya shingo. Ndiyo maana tunasisitiza nyanya ioshwe kabla ya kuingia sufuriani.

Na hapa ndipo narudi kwako mnunuzi. Wapo wafanyabiashara wanaopenda nyanya yenye unga. Wanamwambia mkulima apulize ukungu siku ya mwisho ili mzigo usioze njiani kwenda Dar. Mkulima akikataa, gari linakwenda shamba la jirani. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema makosa ni ya mkulima.

Kwamba swali la mnunuzi lina nguvu, tazama jirani zetu Kenya. Kuanzia mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi, ikawa mizigo 10 katika kila 100 ya maharage machanga na njegere za maganda kutoka Kenya inapimwa, baada ya kukutwa masalia ya dimethoate yaliyozidi kiwango. Kwa dawa nyingi ambazo hawajaziwekea kiwango maalumu, kikomo chao ni miligramu 0.01 kwa kilo, sawa na gramu moja ya dawa kwenye tani 100 za mboga. Mkulima mdogo anayeuza kwa wasafirishaji wa huko ilibidi azoee daftari la kupuliza, kwa sababu bila daftari hakuna anayenunua. Jua lake na wadudu wake ni kama wetu. Tofauti ni kwamba mnunuzi wake anauliza.

Pale Tengeru sijaona tenga linapimwa masalia kabla ya kuuzwa, na sitegemei mashine hiyo ifike karibuni. Kwa hiyo ninachopendekeza ni kitu cha bei ya daftari la shule. Mkulima aandike kwenye mistari yake: shamba gani, dawa gani, kipimo gani, tarehe ya kupuliza, tarehe ya kuruhusiwa kuchuma. Achome kijiti chenye kitambaa kwenye kipande kilichopulizwa, vibarua wasichume kwa bahati mbaya. Mfanyabiashara akifika aombe kuona ukurasa huo, aupige picha kwa simu. Kama siku hazijatimia, asinunue, na asimpe fedha za kumshawishi. Amwekee oda ya siku zitakapotimia.

Mtaniambia daftari linaweza kuandikwa uongo. Linaweza. Lakini ukinunua kwa mtu yule yule msimu mzima, unapita shambani kwake, unaona unga kwenye majani na harufu bado ipo, utajua kama anakudanganya. Mkulima naye akigundua kwamba mwenye daftari ndiye anayewekewa oda, hatahitaji semina yangu.

Suala la bei lisikwepwe. Mkulima aliyeruka soko moja kwa ajili ya kusubiri amepata hasara, na si haki aibebe peke yake. Mfanyabiashara unayeuza kwenye mahoteli na shule, ongeza kidogo kwa kila tenga lenye tarehe. Ukimweleza mteja wako kwa nini, wengine watakubali kulipa. Wengine watakataa, nao utawauzia kwa bei ya kawaida.

Wanaotaka kupanga ratiba ya msimu ujao, niko ofisi ya kata Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Siku za soko nipo Tengeru, huko hatutaweza kuongea vizuri. Njoo na makopo yenyewe au picha za lebo zake pande zote, na uniambie unachuma siku zipi. Jina la dawa peke yake halitoshi, kwa sababu kampuni tofauti huweka viambato tofauti kwenye makopo yanayofanana.