Ramisi si bakgraundi yako

Wasee, hizi posti za "magofu yaliyosahaulika" zimezidi. Ukuta umepasuka, mti umeota dirishani, filta ya kutu, muziki wa majini. Kapsheni: "Hakuna mtu hapa." Sasa sisi ni nani?

Mimi ni wa Majoreni, Ramisi ni jirani. Kiwanda cha zamani cha sukari pale hakikuuawa na jini. Kilifungwa 1988. Watu wakapoteza kazi, wakulima wakabaki na miwa bila mnunuzi. Baadhi ya waliofanya kazi pale bado tunawaamkia shikamoo kila asubuhi. Halafu wewe unashuka kwenye matatu, unapiga picha kumi, unaandika "pahali pasipo watu"?

Hilo neno si dogo. Huku Kwale tumezeeka na kesi za mashamba. Ukiuambia ulimwengu kwamba pako tupu, unamsaidia yule anayetaka kuja kusema hapana wenyewe.

Na usiniambie haiwezekani kufanya vizuri. Nenda Shimoni, kwenye mapango ya watumwa. Wenyeji ndio wanaokuzungusha na kukueleza, na kiingilio kinasaidia kijiji. Picha unapiga vilevile.

Sikatai kamera, ndiyo inayonilisha. Nimeacha chuo, digrii ya historia sina, lakini kumuuliza mzee "hapa palikuwa nini?" hakuhitaji digrii. Andika jina la pahali. Andika mwaka. Andika nani alifanya kazi pale. Kama huwezi, ficha simu yako.