Kufuta Picha Si Kurudisha Heshima



Wapendwa, tufutapo picha katika kadi ya kamera, kwa kawaida kamera hufuta tu alama ya mahali ilipohifadhiwa. Picha yenyewe hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake. Ndiyo maana mafundi huweza kuirudisha.

Msamaha wa Mungu hauko hivyo. Katika Kitubio dhambi huondolewa kweli. Hata hivyo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, yatufundisha kwamba maondoleo hayatengenezi madhara yote yaliyoletwa na dhambi.

Basi, aliyesambaza picha ya kumwaibisha jirani asidhani amemaliza kwa kuifuta na kuungama. Naona malipizi yake yaanzie mlangoni pa jirani huyo, kisha kwa wote aliowaonyesha. Kadi yaweza kuwa tupu, na jirani bado analia.

Dominika njema.